Badala ya, Si Juu ya

Kwa zaidi ya miaka thelathini niliwafundisha walimu namna ya kuwafundisha watoto kusoma, na mwisho wa safari hiyo nikawa mkuu wa chuo cha ualimu. Uzeeni nimekuja kuumbuliwa na kopo la maziwa. Nayasema haya mapema, ndugu msomaji, ili nitakapoanza kuwalaumu wengine ujue kwamba mshtakiwa wa kwanza ni mimi.

Miaka michache iliyopita daktari aliniambia kuwa nina kisukari, akaniagiza nile vyakula vyepesi. Nyumbani agizo lilipokewa kwa heshima zote. Binti yangu alikuwa amesikia kwamba wanaojali afya zao hupika kwa maziwa ya kopo badala ya krimu. Mchuzi huwa mwepesi, na hata vitindamlo havimlemei mtu. Akaenda dukani, na hapa Tunduma makopo si kitu cha kutafuta. Bidhaa zinatufikia kutoka Dar es Salaam kwa barabara kuu, na nyingine zinavuka kutoka Nakonde, upande wa Zambia. Jioni nikaletewa tambi za maziwa.

"Kula bila wasiwasi, baba," akaniambia, "hiki ni chepesi."

Nikala, nikaomba nyongeza. Tuliendelea hivyo majuma matatu. Nilipopimwa tena, sukari ilikuwa imepanda kiasi cha daktari kuniuliza kama ninakunywa soda kwa siri. Nilirudi nyumbani nimenuna, nikavaa miwani, nikaliokota kopo kwenye taka. Lilikuwa kopo la maziwa mazito yenye sukari. Maneno hayo yalikuwa yameandikwa ubavuni kwa herufi zinazosomeka, na kwa majuma matatu kopo lilikuwa likikaa mezani mbele ya mkuu wa chuo mstaafu.

Basi tuanze na somo ambalo mimi mwenyewe sikulisoma. Kuna maziwa mawili ya kopo, nayo ni ndugu wasiofanana tabia. Mwaka 1856 Mmarekani Gail Borden alipata hataza ya kuyapunguza maji maziwa kwa kuyachemsha bila hewa, na maziwa yake ya kopo yakaja kujulikana kwa sukari nyingi iliyoyazuia yasioze. Karibu miaka thelathini baadaye, Mswisi John Baptist Meyenberg alipata njia ya kuyahifadhi pasipo sukari: maziwa yakishapunguzwa maji na kufungwa, kopo lenyewe hupashwa moto mkali hadi vijidudu vife. Hayo ya pili ndiyo yanayosifiwa kwa mapishi mepesi. Yametolewa maji kiasi cha asilimia 60, na ukiyarudishia maji sawa na ujazo wake unakaribia maziwa ya kawaida. Yale ya kwanza, takribani nusu ya uzito wake ni sukari. Dukani yote mawili huitwa "maziwa ya kopo", na aghalabu hukaa kwenye rafu moja.

Lakini kosa la kutosoma ni dogo. Kosa kubwa ni la mantiki, nalo ndilo lililonishikisha kalamu. Wanaosema maziwa haya hufanya chakula kiwe chepesi hawasemi uongo, ila wanasema nusu. Sifa hiyo imetoka katika majiko ya nchi ambako mchuzi na kitindamlo hupikwa kwa krimu, na krimu nzito yaweza kuwa na mafuta asilimia 40 na zaidi. Maziwa ya kopo yasiyo na sukari yana mafuta asilimia 8 hivi. Anayeondoa krimu na kuweka maziwa hayo amepunguza kweli. Ametumia maneno mawili muhimu ya Kiswahili: badala ya.

Sasa tazama jikoni kwetu. Ni nani Vwawa, Mlowo au Ileje aliyekuwa akipika kwa krimu? Sisi tulikuwa tukila tambi zilizochemshwa kwa maji, tukazitia sukari na mafuta kidogo. Likaja kopo. Je, tuliondoa sukari? La. Tuliondoa mafuta? La hasha! Tukamimina kopo juu ya vyote vilivyokuwamo, kisha tukakiita chakula chepesi. Chai iliyokuwa na maziwa ya ng'ombe na vijiko vitatu vya sukari sasa ina maziwa ya kopo na vijiko vile vile vitatu. Wenzetu walisema "badala ya", sisi tukasikia "juu ya". Mwanafunzi akichanganya maneno hayo namsahihisha kwa kalamu nyekundu. Jikoni anayesahihisha ni daktari.

Kwa nini tulisikia hivyo? Nadhani najua. Watu wa umri wangu wanaikumbuka miaka ya mwanzo ya themanini, sukari ilipokuwa ya mgao na sabuni ya kupanga foleni. Mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, mtu aliyekutwa na katoni za bidhaa bila maelezo alikuwa na la kujibu. Kopo moja la maziwa wakati ule halikuwa chakula, lilikuwa cheo. Liliwekwa kabatini kwa ajili ya mgeni, na mtoto aliyeligusa alichapwa. Njaa ile ya vitu iliondoka, lakini heshima ya kopo ikabaki. Ndiyo maana hata leo maziwa ya ng'ombe wa Mbozi, yaliyokamuliwa alfajiri, yanaonekana ya kishamba, na kopo lililokaa rafuni miezi mingi linaonekana la kistaarabu.

Wako wenzangu wazee ambao hapa wangenipigia makofi na kuongeza kwamba kopo ni sumu, tulitupe mtoni. Siungani nao. Kopo halioni haya kukaa mwaka mzima bila jokofu, na kwa dereva wa lori anayesubiri zamu yake mpakani, au kwa mwalimu wa kijiji asiye na umeme, hilo ni jambo kubwa. Ninachokipinga si kopo. Ni uvivu wa kufikiri.

Tena iko sehemu moja ambapo hilo hilo "badala ya" ninalolisifu linaua: pale kopo linapowekwa badala ya titi la mama. Mwaka 1939 huko Singapore, daktari Cicely Williams alitoa hotuba aliyoiita "Maziwa na Mauaji", akiwashutumu waliowauzia akina mama maziwa ya kopo yenye sukari kwa ajili ya watoto wachanga. Mwaka 1981 mataifa yakapitisha kanuni ya kimataifa ya kudhibiti biashara ya vyakula vinavyouzwa badala ya maziwa ya mama. Hata hivyo nimeona kwa macho yangu bibi akizimua kijiko cha maziwa matamu kwa maji ya dumu, akamnywesha mjukuu wa miezi miwili, huku akijisifu kuwa mtoto analelewa kisasa. Maziwa ya kopo, yawe na sukari au yasiwe nayo, si chakula cha mtoto mchanga. Hapo sitanii wala sibembelezi.

Na mtu mzima apike nini? Tumerekebisha nyumbani, nami nakupa kwa ushahidi wa mdomo wangu. Boga lililoiva huchemshwa kwa maji machache na mdalasini, kisha hutiwa maziwa yasiyo na sukari badala ya tui zito. Sukari haiongezwi, boga linayo yake. Kuku wa mchuzi hutiwa maziwa hayo mwishoni, moto ukiwa mdogo, maana penye nyanya au ndimu yakichemka kwa nguvu hukatika. Na kama huna fedha ya kopo, chukua lita mbili za maziwa ya jirani yako mfugaji, yaweke katika sufuria pana juu ya moto wa polepole, koroga hadi ibaki lita moja. Umepata yale yale, ila utayatumia siku hiyo hiyo, na fedha imebaki kijijini. Mwenye kisukari asisahau kwamba hata maziwa yasiyotiwa sukari yana sukari yake ya asili, kwa hiyo bakuli liwe dogo.

Binti yangu sasa, kabla hajafungua kopo, hulisoma kwa sauti kutoka jikoni, nami nikiwa sebuleni. Kisha huniuliza, "Baba, leo nimetoa nini?" Siku asipokuwa na jibu, tunakula matunda.