Saa Tatu za Nansio

Kila likizo ya shule inapokaribia, hujirudia swali lile lile katika nyumba nyingi za Waislamu hapa Mwanza: watoto tuwapeleke wapi kwa siku moja, ilhali fedha ni hizi tulizonazo na Jumatatu mtu anatakiwa kazini? Jibu la wengi ni ziwa. Ziwa liko mlangoni mwetu, nauli ya meli si ya kutisha, na mtoto aliyekulia Buhongwa au Nyakato akipanda meli mara moja atasimulia mwaka mzima. Lakini safari ya majini ina sharti moja ambalo safari ya basi haina. Anayekupangia muda wako si wewe, ni chombo. Kikitia nanga unapewa saa chache za kukanyaga nchi kavu, kisha kikipiga honi hakimsubiri mtu, awe na watoto watano au awe peke yake.

Tunaandika haya tukiwa na aibu yetu wenyewe. Mwaka juzi tulifunga safari ya Ukerewe pamoja na watoto wanne na mama yetu mzee. Tuliteremka Nansio ikikaribia saa sita mchana, na tukaambiwa chombo kitaondoka saa tisa. Saa tatu, basi. Watoto walikuwa wameahidiwa mambo mengi: jumba la watemi wa Bukerebe kule Bukindo, mashamba ya michungwa, na ufuko wa kuchezea mchanga. Wakubwa nao tulikuwa na ahadi yetu, kumsalimia shangazi aliyehamia kijiji cha jirani tangu alipoolewa. Tukaanza kwa shangazi, kwa kuwa kuunga udugu ni ibada na matembezi ni matembezi tu.

Msomaji anakwishajua yaliyofuata. Shangazi hakukubali tunywe maji tukaondoka. Kuku akakamatwa, mchele ukachaguliwa, majirani wakaitwa waje wawaone wageni wa mjini. Tulisali Adhuhuri pale pale uani. Pilau ilipoiva ilikwisha kuwa saa nane na robo, na kula mbio mbele ya mwenyeji aliyekesha kwa furaha ya kukuona ni utovu wa adabu. Tulipofika gatini kwa bajaji, meli ilikwisha kuwa mbali, ndogo kama kiatu. Watoto wetu waliiona Ukerewe ya sebule moja na kuku mmoja.

Hilo lingekuwa jambo la kucheka tu. Lililotutia hofu ni lililofuata. Walitokea vijana waliosema wana mtumbwi wa injini unaokwenda upande wa pili, nafasi zipo, twende haraka kabla upepo haujakaza. Tulitazama. Ndani mlikuwa na watu zaidi ya ishirini, magunia, pikipiki moja, na majaketi okozi tuliyoyahesabu hayakuzidi matatu. Nasi tulikuwa wanane, mmoja wetu akiwa ananyonya. Tunakiri kwamba kwa dakika moja tulishawishika, kwani kesho yake palikuwa na kazi. Aliyetuokoa ni mama, ambaye aliketi juu ya begi lake akasema yeye hatoki hapo. Tukarudi kwa shangazi kulala, naye hakuuficha ushindi wake.

Kwa watu wa kanda hii habari hii si ya kupuuza. Jumanne ya tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba, iliyotoka Bukoba kupitia Kemondo, ilizama ikiwa imebakiza safari fupi kufika Mwanza. Mamia ya waliokufa walizikwa Igoma, na zipo nyumba ambazo hadi leo hazikupata maiti ya kuzika. Alhamisi ya tarehe 20 Septemba 2018 ikafuata MV Nyerere, kivuko kilichokuwa kikivuka kutoka Bugorora kwenda Ukara. Ilikuwa siku ya gulio. Kivuko kilichotengenezwa kubeba abiria 101 kilipinduka karibu kabisa na gati la Bwisya, na watu zaidi ya 220 wakapoteza maisha. Waliokipanda hawakuwa wajinga. Walikuwa watu waliomaliza shughuli zao, wana mizigo, jua linashuka, na wanataka kulala makwao. Hali hiyo ndiyo tuliyokuwa nayo sisi pale gatini, na ndiyo sababu twasema kwamba upangaji wa saa tatu za Nansio si suala la starehe peke yake. Anayezitumia vibaya saa hizo hujikuta mwishoni akichagua kati ya mambo mawili mabaya, naye amechoka.

Basi zitumiwe vipi? Kwanza kabisa, kabla mguu haujaliacha gati, aulizwe mhusika wa chombo: leo mnaondoka saa ngapi? Ratiba iliyobandikwa ukutani haitoshi, wala habari za jirani aliyesafiri mwezi uliopita. Kisha muda uhesabiwe kutoka mwishoni kurudi nyuma. Kama meli inaondoka saa tisa, familia yenye watoto iwe imerudi gatini saa nane na nusu, maana hapo kuna foleni, kuna mtoto anayetaka kwenda msalani, na kuna kiatu kilichopotea. Kwa hiyo saa tatu zimekwisha kuwa mbili na nusu. Ondoa sala, ondoa chakula. Kilichobaki ni saa moja na ushei, na ndani yake hamwezi kuingia Bukindo, mashamba, ufuko na shangazi. Ingieni mahali pamoja. Mzazi achague, au awaachie watoto wachague usiku wa kuamkia safari, na likishachaguliwa lisibadilishwe njiani kwa sababu ya dereva wa bajaji mwenye maneno matamu.

Chakula kitoke nyumbani. Chapati, mayai ya kuchemsha, maandazi na chupa za maji huokoa nusu saa ambayo mngeitumia kuulizana samaki huyu kapikwa na nani. Machungwa ya Ukerewe yanunuliwe wakati wa kurudi, si wakati wa kufika, isipokuwa kwa anayependa kutembea akiwa amebeba gunia.

Kuhusu maji ya ziwa tuwe wakali kidogo. Mtoto akiufikia ufuko atataka kuoga, na mzazi mwenye haraka humwachia ili amnyamazishe. Ziwa letu lina kichocho. Konokono wanaokibeba hupenda maji ya kina kifupi yaliyotulia, yenye majani, yaani pale pale panapoonekana salama kwa mtoto. Vimelea hupenya ngozi kimya kimya, bila kidonda, na dalili huja baada ya majuma au miezi. Mchanga unatosha kwa kucheza. Aliyekwisha kuingia majini apelekwe kituo cha afya kwa uchunguzi baada ya wiki kadhaa, kwani dawa yake ipo.

Sasa tuje kwenye sala, ambayo wengi huichanganya. Rukhsa ya msafiri kupunguza sala imetajwa katika Suratun Nisaa, aya ya 101, nayo ni sadaka ya Allah (SW) kwa waja wake. Lakini kwa madhehebu ya Imamu Shafii, yanayofuatwa na wengi wetu, rukhsa hiyo ina masafa yake, takriban kilomita 80 na kidogo kwa kipimo cha leo. Kutoka Mwanza hadi Nansio masafa hayo hayafiki, hata kama meli inachukua saa nyingi; anayekwenda huko na kurudi atasali Adhuhuri rakaa nne na Alasiri rakaa nne, kila moja kwa wakati wake. Anayekwenda Bukoba yuko katika hukumu nyingine, kwani huko masafa yamezidi. Huyo anaruhusiwa kupunguza Adhuhuri, Alasiri na Isha, na kukusanya pia. Magharibi na Alfajiri hazipunguzwi popote. Wapo wanazuoni wanaoitazama safari kwa ada ya watu badala ya kilomita. Mwenye kufuata kauli hiyo amwulize shekhe wake mapema, asiitafute fatwa akiwa amesimama kwenye ngazi ya meli.

Siku ya Ijumaa ni vyema iachwe. Mwanamume aliyewajibikiwa na sala ya Ijumaa hapaswi, kwa kauli ya Shafii, kuondoka mjini kwake baada ya alfajiri ya siku hiyo ikiwa safari itamkosesha, isipokuwa ana hakika ya kuidiriki huko aendako. Na hakika hiyo, kwa jinsi vyombo vinavyochelewa, ni nani anayo?

Wenye kwenda Bukoba wana riziki kubwa zaidi ya muda. Kwa utaratibu uliozoeleka, meli huondoka Mwanza jioni, hupita Kemondo na kufika asubuhi, kisha hurudi jioni ya siku hiyo. MV Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961 na kurejea majini mwaka 2020 baada ya ukarabati mkubwa ikiitwa MV Victoria Hapa Kazi Tu, huchukua abiria 1,200, na zamani ilikuwa ikizunguka ziwa lote, Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba na bandari za Uganda. Usiku mzima melini huwachosha watoto, basi siku ya Bukoba isijazwe. Kama familia ina hamu ya elimu, iende Katuruka, upande wa Maruku, ambako wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta mabaki ya tanuru za chuma za wahenga wetu zenye umri wa takriban miaka 2,000. Kijana anayefundishwa shuleni kuwa ufundi ulikuja na meli za wageni anapaswa kusimama hapo walau nusu saa. Mwenye hamu ya kupumzika akae ufukweni na watoto wake, anunue kahawa, atosheke.

Na kwa asiye na siku nzima, Saanane ipo. Wapo wakazi wa Mwanza waliozeeka bila kukikanyaga kisiwa hicho, na wanakiona kila siku. Boti kutoka Capri Point huchukua dakika chache tu. Palianza kuwa bustani ya wanyama mwaka 1964 na pakatangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013, pakiwa na jina la mtu aliyeishi hapo akivua na kulima. Kuna swala, kuna pimbi wanaoota jua juu ya mawe, na mijusi ya rangi ambayo, kwa uzoefu wetu, huwafurahisha watoto kuliko kingine chochote. Asubuhi moja inatosha, na Adhuhuri mkaisalia mjini kwa jamaa. Tungeshauri tu simu ziwekwe mifukoni kwa nusu ya muda huo. Tumeona mzazi aliyempiga picha mwanawe na pimbi mara kumi na mbili, na mtoto mwenyewe hakupata nafasi ya kumtazama huyo pimbi.

Limebaki la jamaa, nalo ndilo gumu. Hatuwezi kumwambia Mwislamu apite mji wa shangazi yake kimya kimya eti ana ratiba. Shangazi atajua, visiwani habari hazifichiki, na kosa litakuwa kubwa kuliko faida. Lakini wala si lazima udugu uungwe kwa kuku. Mtume (SAW) alimwelekeza msafiri, akishamaliza haja yake, aharakishe kurejea kwa ahali zake. Mwenyeji akielezwa hivyo kwa upole na mapema, siku tatu kabla na si mlangoni, huelewa. Kinachowaudhi wazee ni kushtukizwa na kuondokewa kwa pamoja.

Mwaka huu tulirudi. Tulimpigia simu shangazi mwanzoni mwa wiki tukamweleza kila kitu: tunafika saa sita, tunaondoka saa tisa, chakula tunacho, tunakuomba wewe uje Nansio uwe mgeni wetu. Alinung'unika, akasema sisi ni Wazungu. Alikuja. Alikuja na pilau yake kwenye hotipoti, bila shaka, na tulikula chini ya mwembe usio mbali na gati, chapati zetu na pilau yake. Mama na yeye walibaki pale kivulini wakiongea, kila mmoja akiusikia nusu ya maneno ya mwenzake. Wanaume walikwenda msikitini, wengine wakasali pale pale juu ya kanga, kisha tukawapeleka watoto Bukindo, mahali hapo pamoja tu, tukarudi saa nane na dakika ishirini. Tuliposoma dua ya safari, ile yenye asili katika aya ya 13 na ya 14 za Suratuz Zukhruf, shangazi aliisoma nasi akiwa amesimama nchi kavu.

Alasiri ilituingilia katikati ya ziwa, saa kumi na kitu. Hapa kwetu kibla ni kaskazini ikielekea kidogo mashariki, na kwa kuwa meli ya kurudi Mwanza hushuka kusini, mwenye kusali huupa mgongo mji anaokwenda na kuelekea tezi. Tulipanga safu ndogo kando ya mizigo, tukasali kwa kusimama, na chombo kilipogeuka nasi tukageuka. Mtoto wetu wa tatu, mwenye miaka saba, alipotoa salamu aliuliza kwa nini tumesali tukimtazama shangazi. Kisiwa kilikuwa bado kinaonekana.