Jina kubwa la bidhaa si kipimo tosha cha bei ya hisa

Pakiti ya unga wa Jogoo inajulikana Siyu kama inavyojulikana Nairobi. Hata hivyo, mkazi wa mji huo wa kisiwa cha Pate anayewazia kununua hisa za Unga Group, kampuni inayousaga, ana swali jingine: jina hilo lina thamani gani kwa mwenye hisa?

Swali hilo limewakaribia watu wa kipato cha chini tangu 2025, Soko la Hisa la Nairobi (NSE) liliporuhusu mtu kununua hata hisa moja badala ya kuanzia 100.

Jina huwa mali pale linapoiwezesha kampuni kupandisha bei bila kukimbiwa na wateja. Mafundi wa ngozi na viti walioupa Siyu sifa katika karne ya 19 walikuwa na nguvu hiyo. Msagaji wa mahindi hana. Mnamo 2017 serikali iligharimia ruzuku ili pakiti ya kilo mbili iuzwe kwa Sh90, na 2022 ikafanya vivyo hivyo kwa Sh100. Isitoshe, mnunuzi akiona Jogoo ni ghali huchukua pakiti iliyo kando yake. Faida basi hutegemea mavuno na siasa kuliko jina.

Mumias Sugar ni mfano mchungu zaidi. Iliingia sokoni 2001, na sukari yake ikajulikana nchi nzima. Madeni yaliielemea hadi ikawekwa chini ya meneja mrasimu 2019. Jina lilibaki midomoni mwa watu. Wenye hisa hawakuweza tena kuziuza sokoni.

Majina yenye nguvu halisi ya bei yako kwingine. Mnamo 2023 Diageo ililipa Sh192 kwa kila hisa, juu ya bei ya soko, ili kuongeza umiliki wake katika EABL, watengenezaji wa Tusker, kutoka asilimia 50 hadi 65. Lakini Siyu ni mji wa Waislamu, na faida ya pombe ni haramu kwao. Tumbaku ya BAT nayo wengi huiepuka. Wanaobakia na chaguo la unga wamebakia, kwa bahati mbaya, na jina lenye uwezo mdogo zaidi wa kupandisha bei.

Hata hapo, vigezo vya uwekezaji wa Kiislamu hutazama pia mikopo ya riba, ambayo kwa kawaida haitakiwi kuzidi takriban theluthi moja ya thamani ya kampuni. Kiasi hicho husomwa katika mizania. Unga Group hufunga hesabu zake kila mwisho wa Juni.