Aliyeona Kitu Angani Aandike Usiku Uleule

Askari aliye lindoni saa nane za usiku, aonapo mwanga asioufahamu juu ya miti, huogopa mambo mawili: mwanga wenyewe, na kicheko cha wenzake kambini kukikucha. Mara nyingi kicheko ndicho kimshindacho, naye hunyamaza. Kimya hicho ni hatari, kwani hata ndege ya adui, kabla haijajulikana, ni chombo kisichotambulika.

Jeshi la Anga la Marekani lilizipokea taarifa za namna hiyo na kuzichunguza. Katika kumbukumbu za mpango wake ulioitwa Blue Book, uliofungwa mwaka 1969, zimo taarifa 12,618 tangu mwaka 1947. Nyingi zilikuwa za nyota, Zuhura, vimondo, maputo na ndege za kawaida. 701 zilibaki bila maelezo.

Miongoni mwa hizo 701 imo ya polisi, Lonnie Zamora wa Socorro, New Mexico. Jioni ya tarehe 24 Aprili 1964 alikuwa akifukuza gari lililokwenda kasi mno, mara akasikia ngurumo na kuona moto. Alipokaribia aliona bondeni chombo cheupe mfano wa yai, kikainuka kikaenda zake. Hakungoja kesho. Aliita kwa redio, na mwenzake alipofika baada ya dakika chache alikuta vichaka vilivyoungua na alama ardhini. Wachunguzi hawakupata jibu, lakini walipata vitu vya kupima.

Tazama sasa Rendlesham, Uingereza, Desemba 1980, ambako askari wa anga wa Kimarekani waliona mianga msituni. Luteni Kanali Charles Halt, naibu kamanda wa kambi, aliingia msituni mwenyewe na kinasa sauti mkononi, jambo la kusifiwa. Lakini barua yake ya taarifa ni ya tarehe 13 Januari 1981, na tarehe za matukio zimekosewa ndani yake! Kumbukumbu za polisi wa Suffolk, walioitwa usiku wa kwanza na wakaona mwanga wa mnara wa taa wa Orford Ness tu, ndizo zilizosaidia kuisahihisha. Ndugu askari, andika saa, upande wa mbingu, sauti, na nani alikuwa nawe, kabla zamu yako haijaisha. Nawe afande uletewaye karatasi hiyo, itie sahihi bila kucheka.

Kosa la wakubwa ni zito zaidi, nami nalisema kwa kuwa lilitokea katika ofisi iliyo kama yangu. Tarehe 8 Julai 1947 ofisi ya habari ya kambi ya anga ya Roswell ilitangaza kwamba jeshi limepata kisahani kirukacho. Siku ileile Jenerali Roger Ramey akasema ni puto la hali ya hewa. Mwaka 1994 ndipo Jeshi la Anga lilipoeleza kwamba yaelekea mabaki yale yalitoka katika Mogul, mpango wa siri wa maputo ya kusikiliza majaribio ya nyuklia ya Urusi. Siri ile ilistahili kulindwa, sibishi. Lakini yatosha kusema, "Ni mali ya jeshi, hatutasema zaidi."

Machi 2024 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilitangaza kwamba haikupata ushahidi wowote wa vyombo kutoka sayari nyingine. Wengi hawakuiamini, na mimi sioni ajabu.