Herufi za Vijiti Saba



Leo nasema habari za herufi, maana herufi nazo zaweza kumtembeza mtu bure tangu alfajiri. Na kosa lenyewe ni langu.

Mwaka jana Paroko alinituma kutengeneza tangazo la ubatizo wa watoto. Katika kompyuta ya ofisi nikakuta herufi zinazofanana na zile za saa za elektroniki: zimenyooka, zina pembe, hazina mviringo hata mmoja. Zikanipendeza mno. Nikaandika yote kwa herufi hizo, hata tarehe 18, nikatoa nakala, nikazikunja na kuzipeleka kwa makatekista wa vigango.

Basi, Jumamosi tarehe 10 akaja bibi mmoja na mjukuu mgongoni. Padre hayupo, kanisa limefungwa. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi. Mbona mapema? Ubatizo ni tarehe 18." Akasema, "Marahaba, mwanangu," akafungua upindo wa kanga, akanipa karatasi aliyopewa na katekista. "Soma mwenyewe." Nikasoma. Mkunjo wa karatasi ulikuwa umepita katikati ya ile nane na kufuta kijiti chake cha kati. Nane imekuwa sifuri.

Imewezekanaje? Chukueni njiti saba za kiberiti, mzipange mezani pamoja na watoto. Tatu zilale: moja juu, moja kati, moja chini. Nne zisimame: mbili kulia, mbili kushoto. Hiyo ni 8. Ondoeni ya kati, mtapata 0. Irudisheni, mwondoe ya juu kulia, mtapata 6. Irudisheni hiyo nayo, mwondoe ya chini kushoto, mtapata 9. Njiti moja tu, na hesabu imegeuka!

Tarakimu zote, tangu 0 mpaka 9, zatoka katika vijiti hivyo saba vya kuwaka na kuzimika. Ndiyo sababu mafundi walivipenda. Mwaka 1972 kampuni ya Hamilton ya Marekani iliuza saa ya mkono iitwayo Pulsar, yenye tarakimu nyekundu za namna hiyo, kwa dola 2,100. Baadaye bei ilishuka, na leo twaziona tarakimu hizo katika saa za bei ndogo, vikokotoo, na mizani ya kupimia mazao. Enyi wakulima, kumbukeni jambo hili: mizani nyingi ya namna hiyo ikiwashwa huonyesha 8 tupu kwanza, ili mwenye macho aone kama vijiti vyote vinawaka. Tazameni kabla gunia halijapandishwa.

Lakini vijiti saba ni vya hesabu, si vya maneno. Jaribuni kuandika M, K au W kwa njiti zilezile. Hamtaweza vizuri, na bila hizo, "Mkutano wa Wakristu" utaandikwaje? Tena S yafanana na 5, Z yafanana na 2, na O ni sawa na 0. Ikabidi mafundi waongeze vijiti vya mshazari hata vikawa kumi na vinne, ndipo herufi zote zikapatikana. Wachoraji wa herufi za chapa nao waliziendea mashine kwa njia yao. Mholanzi mmoja, Wim Crouwel, mwaka 1967 alitoa alfabeti ya mistari iliyonyooka, iliyofaa mitambo mipya ya wakati ule. Naye mwenyewe aliihesabu kuwa jaribio, si herufi za kutumia kila siku.

Je, herufi hizi ni mbaya? La, kila chombo kina kazi yake. Juu ya bango la mashindano ya vijana, au kwenye jalada la daftari la masomo ya kompyuta, maneno mawili matatu makubwa huvuta macho na kukumbusha saa za zamani. Hapo zinafaa. Lakini tarehe, saa, bei, jina la mtu na nambari ya simu viandikwe kwa herufi za kawaida. Nane ya kawaida ina kiuno: hata ikikwaruzwa katikati, bado waijua kuwa ni nane.

Tena tarehe iandikwe na kwa maneno, kama benki zitakavyo kiasi cha fedha katika hundi kiandikwe mara mbili, kwa tarakimu na kwa maneno. Na siku ya juma isisahauliwe. Kama ningaliandika "Jumapili, tarehe 18 (kumi na nane)", bibi yule angalikaa kwake. Siku hizi kila tangazo nalikunja kwanza, kisha nampa mzee mmoja alisome mbele yangu.

Bibi alilala kwa masista. Padre aliporudi jioni nilimweleza yote, na kesho yake, Jumapili, mtoto akabatizwa. Padre hakunigombeza. Alinipa malipizi tu: niende kwa miguu katika kila kigango, nibandue tangazo langu na kubandika jingine kwa mkono wangu. Nilitembea siku tatu.