Tuanze na Madirisha ya Mashariki

Ndugu zangu wa Muyama, nanyi wenzetu wa Kasulu na Kibondo, naomba tuyaangalie madirisha ya ofisi zetu.

Ingia ofisi inayotazama mashariki saa mbili asubuhi. Mtumishi amekunja uso, mkono mmoja kaukinga juu ya skrini, anatafuta jina lako na halioni. Dirishani kuna boksi na gazeti la zamani vilivyobandikwa kwa selotepu. Mama aliyekuja na mtoto mgongoni ameketi akipigwa na jua machoni. Darasani nako ubao unang'aa, watoto wa pembeni wanabaki kunakili kwa jirani.

Huku kwetu shida hii ni kubwa kuliko Dar es Salaam, na sababu iko kwenye saa. Saa ya Afrika Mashariki hufuata longitudo 45, nasi tuko karibu na 30, hivyo jua letu huchelewa kama saa nzima. Ofisi inapofunguliwa saa moja na nusu, jua ndiyo kwanza limetoka nyuma ya vilima. Liko chini, linaingia hadi mezani. Upenu wa bati, unaokinga vizuri madirisha ya kaskazini na kusini, hapo haufui dafu.

Basi nawasihi watendaji, walimu wakuu na waganga wafawidhi: bajeti ijayo iwe na fungu la mapazia, na upande wa mashariki utangulie. Mafundi cherehani tunao. Washone kitambaa cheupe, chepesi, kinachopitisha mwanga kiasi. Tafadhali, kisiwe kile kizito cheusi. Kile huleta giza, taa zikawashwa mchana kweupe, nasi tuliishi miaka mingi kwa umeme wa jenereta za dizeli, tunajua thamani yake. Penye uwezo zaidi, ziwekwe luva za kulala, ziinamishwe mwanga uende darini. Kugeuza meza ili dirisha liwe ubavuni hakugharimu hata senti.

Pazia la ndani hutuliza macho zaidi kuliko kuzuia joto. Joto jingi huwa limeshapita kioo. Hilo linataka baraza, au mti nje.

Wiki hii, kabla ya saa tatu asubuhi, wajumbe wawili wapite ofisi ya kata, zahanati na shule, wapime kila dirisha linalopigwa jua, na vipimo viletwe kwenye kikao kijacho cha Kamati ya Maendeleo ya Kata.