Saburi Si Kungojea



Wahenga walisema kwamba mvumilivu hula mbivu. Neno hili tulifundishwa tangu utoto, na ofisini twalisikia kila mara mtu aulizapo habari za kupandishwa cheo. Lakini twaona kwamba wengi hawakulifahamu. Wengine hulitumia kumnyamazisha mwenye haki, na mvivu hulitumia kujifariji. Saburi waisemayo hao ni kuketi chini ya mti na kungojea tunda lianguke.

Hapa Kikuyu, katika nchi ya Wagogo, yafaa tujifunze maana yake kwa mkulima. Mvua zetu ni za msimu mmoja tu, kuanzia mwezi wa Desemba hata Aprili, nazo ni chache. Mkulima hupanda uwele na mtama. Mvua ikikatika na miche ikiungua, hutwaa mbegu nyingine akapanda mara ya pili. Hiyo ndiyo saburi. Wala si haki kumwambia mtu ambaye shamba lake limekauka kwamba hakufanya bidii. Kusema kwamba kila atendaye kazi kwa bidii hufanikiwa ni kumtukana mkulima huyo, tena ni kumtukana karani mwaminifu aliyepitwa na wenzake mwaka hata mwaka.

Basi, bidii yafaa nini, ikiwa malipo yake hayana hakika? Na tutazame habari za Martin Kayamba. Alizaliwa mwaka 1891, akasoma katika shule ya misheni ya Kiungani, Unguja. Wakati wa Vita ya 1914–1918 alifungwa na Wajerumani. Baadaye aliingia kazi ya Serikali mjini Tanga, akapanda daraja kwa daraja hata akawa karani mkuu. Mwaka 1931 alikwenda London pamoja na Mtemi Makwaia na Francis Lwamgira, kutoa ushuhuda mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza juu ya shauri la kuziunganisha nchi za Afrika ya Mashariki. Mwaka 1932 alihamishiwa Dar es Salaam, yaliyokuwa makao makuu ya Serikali wakati huo. Hata hivyo, zamani hizo vyeo vya juu vilikuwa mikononi mwa Wazungu, na bidii ya mtu mmoja isingaliweza kuvifikia.

Lakini yeye hakungojea. Mwaka 1922, huko Tanga, alikuwa amekwisha kuanzisha chama cha Waafrika watumishi wa Serikali, Wakristo na Waislamu pamoja. Twaona kwamba kazi hiyo imezidi cheo chake, maana aliwaachia wenzake njia ya kusema kwa sauti moja.

Kwa hiyo twawasihi mambo mawili. Kila karani mzee ampe kijana saa moja kwa juma, amfundishe kutunza hesabu, kupanga majalada na kuandika barua iliyo safi. Na kila aliyedhulumiwa asinung'unike barazani, bali alete shauri lake chamani kwa maandishi, pamoja na tarehe zake.

Furaha ya kazi haimo katika mshahara peke yake. Karani astaafuye, akimwacha mezani pake kijana aijuaye kazi barabara, huyo amevuna, ijapokuwa cheo alichokitamani hakukipata.