Kuku wa 1964 na pikapu ya cuzo wangu

Mwishoni mwa 2024 cuzo wangu wa Dallas alinitumia ujumbe wa sauti saa nane usiku. Nikashtuka, nikadhani kuna msiba. Kumbe ni gari. "Buda, hii pikapu ninunue sasa ama ningoje? Huku wanasema bei itapanda Januari."

Huyu msee ako Texas mwaka wa sita. Usiku anafanya shifti kwa bohari, wikendi anasaidia watu kuhama nyumba na gari ya kukodi. Akipata pikapu yake mwenyewe, ile pesa ya kukodi inabaki mfukoni. Amekusanya dipoziti miaka miwili. Na kila mwezi, kabla ajinunulie chochote, lazima atumie shosho pesa ya dawa na ya kijana wa kumsaidia na ng'ombe. Kwa hivyo msinione naandika mambo ya gari za Marekani mkadhani nimeishiwa na story. Hii bei inafika mpaka kwa shosho.

Kwanza tuelewane kuhusu kilichosemwa. Tarehe 25 Novemba 2024, Donald Trump alitangaza kwamba akiingia tu ofisini, tarehe 20 Januari, ataweka ushuru wa 25% kwa kila bidhaa inayotoka Mexico na Canada. Kila bidhaa, kuanzia parachichi hadi gari. Wakati huo lilikuwa pendekezo tu, lakini wauzaji wa gari tayari walikuwa wameanza kuitumia kuharakisha wateja.

Sasa cheki. Pikapu anayotaka cuzo ni Ford Maverick. Ukisikia Ford unafikiria Marekani yenyewe, bendera na kofia ya kauboi. Lakini Maverick inaundwa Hermosillo, Mexico. Toyota Tacoma zinazouzwa Marekani pia zinatoka Mexico. Chevrolet Silverado zingine zinatoka Silao, Mexico, zingine Oshawa, Canada. Ram za kazi nzito zinatoka Saltillo, Mexico. Nayo Ford F-150, ile kubwa ya kifahari, inaunganishwa Michigan na Missouri.

Umeona hapo? Maverick ni kati ya pikapu mpya za bei ya chini zaidi Marekani, na ndiyo iko kwa mstari wa moto. Mwenye pesa ya kununua pikapu kubwa ya zaidi ya dola 60,000 ana machaguo yaliyounganishwa nyumbani. Msee wa kuhamisha watu wikendi hana.

Kuna watu huwa wanasema ati ushuru utalipwa na Mexico. Wakenya, sisi hii tunaijua vizuri. Gari ikishuka bandarini Mombasa, ni nani hulipa KRA? Si Mjapani. Yeye aliuza gari yake, akapokea pesa yake, akaenda kulala. Anayelipa ni mwenye kuingiza gari, halafu yeye anakuwekea wewe kwa bei. Marekani ni vile vile. Kampuni inaweza kuamua kumeza sehemu ya ushuru ili isipoteze wateja, lakini kumeza yote kwa gari yenye faida ndogo ni ngumu, na gari za bei ya chini huwa na faida ndogo.

Tupige hesabu. Tuseme Maverick ikivuka mpaka inahesabiwa kuwa na thamani ya dola 20,000. Ushuru wa 25% ni dola 5,000. Wakimwekea cuzo yote, na anunue kwa mkopo wa miaka sita wa riba ya 9%, hiyo nyongeza peke yake ni kama dola 90 kila mwezi. Kwa pesa yetu ya leo ni kama shilingi 11,600. Kila mwezi, miaka sita. Mkopo wa gari ukichelewa gari inachukuliwa. Pesa ya shosho ikichelewa shosho anasema tu "sawa mjukuu wangu, Mungu atatoa." Sasa wewe niambie ni gani itakatwa kwanza.

Na hiyo gari ilishapanda hata kabla ya ushuru. Ilipotangazwa mwaka 2021 ilikuwa inaanzia chini kidogo ya dola 20,000. Modeli ya 2025 ilianzia zaidi ya dola 26,000.

"Basi anunue iliyoundwa Marekani." Hapo ndipo wengi hukosea. Kwanza, hiyo F-150 ya Michigan imejaa vipuri kutoka Mexico na Canada, na vingine huvuka mpaka zaidi ya mara moja kabla gari ikamilike. Pili, mshindani wako akipandishiwa bei kwa nguvu, kwani wewe utabaki chini kwa sababu ya roho safi? Mwaka 2018 Marekani iliweka ushuru kwa mashine za kufua kutoka nje. Wachumi walipochunguza baadaye, walipata bei za mashine za kufua zilipanda kwa karibu 12%, hata za kampuni za nyumbani. Mashine za kukausha nguo, ambazo hazikuwekewa ushuru wowote, nazo zikapanda, kwa sababu watu huzinunua pamoja. Kazi mpya zilizopatikana zilikuwa kama 1,800, na ukigawanya gharama waliyobeba wanunuzi, kila kazi iligharimu karibu dola 815,000. Kwa mwaka. Kwa kazi moja.

Sasa tufike kwa kuku.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Wamarekani walikuwa wameanza kufuga kuku kwa wingi sana, na wakawa wanauza Ulaya kwa bei ya kutupa. Wakulima wa huko wakalia, nchi za Soko la Pamoja la Ulaya zikapandisha ushuru wa kuku. Marekani ikakasirika. Rais Lyndon Johnson akajibu kwa kuweka ushuru wa 25% kwa vitu vinne kutoka nje: wanga wa viazi, dekstrini, brandi na malori madogo. Kwa malori aliyekuwa analengwa ni Volkswagen ya Ujerumani Magharibi. Ukaanza kufanya kazi Januari 1964.

Ule wa brandi, wanga na dekstrini ulishaondolewa kitambo. Ule wa malori uko mpaka leo. Mpaka 2024 gari ya kawaida kutoka nje ilikuwa inalipishwa 2.5%, pikapu 25%, juu ya ugomvi wa kuku ambao walioanzisha wengi wao wameshazikwa. Mexico na Canada huuepuka kwa sababu ya mkataba wao wa biashara na Marekani, na hiyo ni sababu moja viwanda vya pikapu viko huko.

Kampuni zimefanya sarakasi za kila aina kukwepa huu ushuru. Subaru iliweka viti nyuma kwa bodi ya pikapu yake, BRAT, ili ihesabiwe kama gari ya abiria. Ford ilikuwa inaleta vani kutoka Uturuki zikiwa na viti vya nyuma, halafu zikifika inaving'oa. Mwaka 2024 ikakubali kulipa dola milioni 365 kumaliza hiyo kesi. Ford, ya Marekani, ikikimbia ushuru uliowekwa kuilinda.

Na hii miaka 60 ya ulinzi ilimletea nini mnunuzi? Kampuni zilijua hakuna mtu wa nje atakuja na pikapu ndogo ya bei nafuu, kwa hivyo zikakazana na zile kubwa zenye faida nono. Hilux, hii unaiona ikipanda milima yote ya Kenya, haijauzwa kama gari mpya Marekani tangu 1995. Siwezi kusema ni ushuru peke yake, Wamarekani wenyewe wanapenda gari kubwa. Lakini mlango ukifungwa, mwenye duka hana haraka ya kukubembeleza.

Sisemi kulinda viwanda ni ujinga. Kuna miji Marekani ilikufa kiwanda kilipohamia mahali mishahara ni ya chini, na watu wa huko hawakuwa na Plan B. Hata sisi, D-Max inayounganishwa Nairobi na Land Cruiser inayounganishwa Mombasa zinalipa watu mishahara, na hizo kazi nazitaka zibaki. Shida yangu ni ushuru usio na mwisho na usio na masharti. Kama unataka mnunuzi maskini achangie kujenga kiwanda, mwambie anachangia, mwambie mpaka lini, na umwonyeshe kiwanda.

Kwa cuzo nilimwambia hivi: usinunue kwa uoga. Kama dipoziti iko, na kazi ya wikendi inaweza kulipa mkopo bila kugusa pesa ya shosho, chukua sasa kwa bei unayoijua. Kama lazima ujikaze mpaka upasuke, acha. Usitegemee sana gari kuukuu pia, maana mpya zikipanda watu wote watakimbilia huko na bei itawafuata. Alisema ataenda kuangalia Jumamosi.

Na nyinyi wa huku msicheke Wamarekani. Mwaka 2023 ushuru wetu wa kuingiza gari ulipanda kutoka 25% hadi 35%, na ndoto ya Vitz ya watu wengi ikasonga mbele miaka miwili. Juni 2024 tulijifunza kusoma Finance Bill mstari kwa mstari, ikiwemo ile 2.5% ya kila mwaka kwa kila gari. Tusisahau hiyo kazi. Siku mheshimiwa atasimama tena aseme ushuru mpya ni wa kulinda viwanda vyetu, tumuulize tu: nani analipa, anayelindwa ameahidi nini, na inaisha tarehe gani? Akikosa kujibu hilo la tarehe, mkumbushe kuku wa 1964.